Aliyelipa Chumba Si Mgeni wa Kukirimiwa



Twapenda kuwatolea neno juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, wala si dogo. Kila wenzetu warudipo kutoka likizo, ofisi hujaa masimulizi ya namna moja. Huyu asema alipewa chumba chenye kunguni. Yule asema mabomba yalikuwa makavu siku tatu. Wa tatu asema dirisha alilolilipia litazame bahari lilitazama ukuta wa jiko na mapipa ya taka. Masimulizi haya hupambwa vizuri, na wasikilizaji hucheka hata machozi. Walakini msimulizi akiulizwa, "Nawe ulimwambia nini mwenye hoteli?" hutazama chini, kisha hujibu, "Ningesema nini, ndugu zangu? Nilivumilia tu." Uvumilivu huo ndio tunaoupinga katika ukurasa huu. Twaona kuwa si uvumilivu hata kidogo, bali ni uzembe unaojiita adabu.

Na tulitazame jambo lenyewe kwa hesabu, kama ilivyo desturi ya watu wa kazi yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa siku za kazi zisizopungua 21. Katika siku hizo karani ana shamba la kupalilia, ana mzee wa kwenda kumjulia hali, ana ada za shule za kutafuta, ana msiba wa kuhani. Zikibaki siku 4 au 5 za kumpeleka mkewe na watoto mahali pa kupumzika, huwa amezipata kwa taabu, na fedha zake amezidunduliza mwezi hata mwezi. Fedha ikipotea aweza kuitafuta tena kwa mshahara ujao. Siku za likizo zikipotea, mwaka mzima sharti upite kabla hajaziona nyingine, na watoto hawatakuwa tena wa umri ule. Basi mwenye hoteli aliyemwahidi mtu chumba kizuri akampa kibaya, hakumpunguzia fedha peke yake.

Tumejiuliza sana kwa nini mtu ajuaye kudai masurufu yake ya safari kwa barua yenye kumbukumbu namba na tarehe, tena akafuatilia jibu miezi sita bila kuchoka, huwa bubu mara aingiapo katika chumba cha hoteli. Twadhani chanzo kimoja kimo katika neno lenyewe tunalolitumia. Mtu aliyepokewa nyumbani kwa shemeji yake huitwa mgeni. Mtu aliyelipa fedha taslimu katika hoteli naye huitwa mgeni, na nyumba yenyewe huitwa nyumba ya wageni. Kwa kuwa jina ni moja, twachukua adabu za kwa shemeji na kuzipeleka hotelini. Mgeni wa kwa shemeji hasemi mchuzi una chumvi nyingi. Hachungulii chini ya godoro. Akitandikiwa mkeka hushukuru, na akiona panya huenda akasema ni paka mdogo. Hiyo ndiyo heshima yetu, na hatusemi iachwe.

Walakini na tuzitazame methali ambazo heshima hiyo huzitegemea. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tena wakasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Katika methali hizi mbili hamna senti hata moja. Mwenyeji wa methali atoa chakula na malazi bila ujira, na mgeni hulipa kwa baraka, kwa habari njema, na akikaa sana, kwa jembe. Mgeni wa hoteli jembe lake amekwisha kulilima pale mapokezi, kabla hajaonyeshwa kitanda. Hana deni la shukrani. Mwenye hoteli ndiye mwenye deni, naye hulilipa kwa kutoa kile alichokiahidi: chumba kile, kitanda kile, maji yale, usiku ule. Kumwonea haya mdeni wako asidaiwe si adabu iliyofundishwa na wazee wetu.

Labda mtasema kwamba haya ni maneno ya magazetini tu, na ya kuwa hakuna jaji aliyepata kuusumbua moyo wake kwa sababu ya likizo iliyoharibika. La hasha. Tunayo kesi ya kuwaonyesha, tena ya mtu wa kazi kama zetu.

Mwaka 1969 Bwana Jarvis, mwanasheria aliyeajiriwa na serikali ya mtaa huko Barking, Uingereza, alisoma kitabu cha matangazo cha kampuni ya safari iitwayo Swans Tours. Likizo yake ilikuwa ya majuma mawili kwa mwaka. Kitabu kilimwahidi nyumba iliyojaa wenzi wa kustarehe nao katika milima ya Uswisi, chai na keki kila alasiri, baa, jioni ya nyimbo za milimani, na mwenye nyumba ajuaye Kiingereza. Alilipa pauni 63 na senti 45, akaenda kwa Krismasi. Juma la kwanza walikuwako watu 13. Juma la pili alijikuta peke yake, wala mwenye nyumba hakujua Kiingereza, basi hakuwa na wa kuzungumza naye. Keki zilikuwa viazi vya kukaanga na vikate vikavu vya karanga. Baa ilifunguliwa jioni moja tu. Na yule mwimbaji wa milimani alikuwa mtu wa hapo hapo, akaja na nguo zake za kazi, akaimba nyimbo nne au tano mbio mbio, akaenda zake.

Bwana Jarvis hakukaa ofisini mwake Barking akiwachekesha wenzake. Alishtaki. Jaji wa kwanza akampa pauni 31 na senti 72, yaani nusu ya fedha aliyolipa, kwa hoja kwamba amepata nusu ya alichokinunua. Akakata rufani, na mwaka 1972 Mahakama ya Rufani, chini ya Lord Denning, ikampa pauni 125, karibu maradufu ya nauli na malazi yake yote. Sababu ndiyo muhimu kwetu. Mahakama ilisema kwamba mkataba wa likizo ni mkataba wa kuuziwa furaha na mapumziko, basi anayeuvunja hulipia pia masikitiko na moyo kuvunjika, wala si tofauti ya bei peke yake. Kabla ya hapo mahakama za Kiingereza zilikuwa nzito sana kulipia uchungu wa moyo katika mambo ya mikataba. Mlango huo ulifunguliwa na mtumishi mmoja wa serikali ya mtaa aliyekataa kuvumilia.

Iko kesi nyingine iliyotangulia, nayo ni chungu zaidi. Learie Constantine, mzaliwa wa Trinidad, alikuwa mchezaji wa kriketi aliyejulikana dunia nzima, na wakati wa vita alikuwa mtumishi wa Wizara ya Kazi ya Uingereza. Mwaka 1943 aliagiza vyumba vya siku nne katika Hoteli ya Imperial, London, kwa ajili yake, mkewe na binti yao, akatanguliza amana. Walipofika waliambiwa watalala usiku mmoja tu kisha waondoke, kwa kuwa weusi wao huenda ukawachukiza askari wa Kimarekani waliokaa mle. Wakahamia hoteli nyingine usiku ule. Constantine naye angaliweza kusema, "Mradi nimepata pa kulala." Hakusema hivyo. Alifungua kesi, na mwaka 1944 Jaji Birkett akaamua kwamba mwenye hoteli hana ruhusa ya kumkataa msafiri bila ya sababu ya haki, akampa gini 5. Fedha hiyo ni kidogo, tena ni kidogo sana kwa aibu waliyotendwa. Lakini neno liliandikwa katika vitabu vya hukumu, na mpaka leo wanafunzi wa sheria hulisoma.

Twajua vema kwamba hukumu ya London ya mwaka 1944 au 1972 haizifungi mahakama za Dodoma wala za Nairobi. Majaji wetu huweza kuisikiliza wakiona ina hekima, nao huweza kuiacha. Walakini hatukuachwa mikono mitupu. Sheria yetu ya Mikataba, ambayo asili yake ni sheria ya India ya mwaka 1872, yasema kwamba aliyevunja mkataba humlipa mwenzake hasara itokanayo na kule kuvunja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humkataza mfanya biashara kuwadanganya wanunuzi, na kwa ajili hiyo iko Tume ya Ushindani. Ndugu zetu wa Kenya wana jambo kubwa zaidi, kwani limeandikwa katika Katiba yao ya mwaka 2010, kifungu cha 46: mtumiaji ana haki ya kupata huduma za ubora unaostahili, na kupewa habari za kweli za kumfaa, na kulipwa fidia ya hasara iliyoletwa na kasoro za huduma. Mwenye kukaa kimya katika chumba chenye kunguni, basi, asiseme kwamba nchi haikumpa ulimi.

Hapa wako watakaotupinga, nasi twataka kuwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza husema, "Nikilalamika nitaonekana mwenye kiburi, kana kwamba nyumbani kwangu nalala juu ya hariri." Twamjibu kwamba malalamiko ya haki hayapimwi kwa nyumba ya mlalamikaji. Mtu alalaye chini kwake, akinunua kitanda chenye miguu minne akapewa chenye mitatu, ana haki ya mguu wa nne.

Wa pili husema, "Chumba kilikuwa cha bei rahisi, basi nitarajie nini?" Hili ni neno lenye sura ya busara, nalo limewapoteza wengi. Chumba cha bei rahisi chaweza kuwa kidogo, kisicho na pazia la maana, kilicho mbali na pwani. Hayo ndiyo aliyoyanunua, asiyalalamikie. Lakini bei rahisi hainunui shuka lililolaliwa na mtu mwingine, wala kitasa kisichofunga, wala chandarua chenye matundu katika nchi ya malaria. Kuna tofauti kati ya ahadi iliyovunjwa na tamaa isiyotimizwa. Asiyeahidiwa bahari asiidai. Aliyeahidiwa bahari akapewa mapipa ya taka asinyamaze.

Wa tatu husema, "Nikisema, yule mtumishi maskini atafukuzwa kazi." Huruma hii twaiheshimu, na kwa sababu yake twasema tena: usimlalamikie mtumishi, mlalamikie mwenye mamlaka. Mfagiaji hakupanga bei, hakupiga picha za matangazo, wala hakukataa kununua godoro jipya. Ajabu ni kwamba wengi wetu, tuliokuwa bubu mbele ya meneja, huwa simba mbele ya kijana aletaye taulo. Twamfokea, twamwita majina, kisha meneja akipita twamwamkia kwa kicheko. Tabia hii ni mbaya kuliko ukimya wenyewe. Anayemwonea mnyonge kwa kosa la mwenye nguvu hajatetea haki ya mtu yeyote.

Sasa twaja kwenye njia ya kufuata, kwani kupinga bila kuonyesha njia ni kelele tu. Makarani hawana haja ya kufundishwa kazi hii. Ni kazi yao ya kila siku, ila hawajaigeuza iwafae wao wenyewe.

Kwanza, kabla ya kulipa, ahadi iandikwe. Ukiagiza chumba kwa simu au kwa intaneti, uliza kwa maneno machache: vitanda vingapi, kinatazama wapi, maji yapo saa zote au kwa zamu, bei ni kwa chumba au kwa kichwa, na ukighairi watarudisha kiasi gani. Majibu yahifadhi. Picha ya tangazo nayo ihifadhi, kwani yaweza kuondolewa kesho.

Pili, omba kukiona chumba kabla hujatia sahihi na kabla mizigo haijapandishwa ngazi. Fungua bomba, washa taa, jaribu kitasa, inua shuka, tazama pembe za godoro. Huu si ufidhuli. Hakuna anunuaye ng'ombe bila kumtazama meno, wala muuzaji mwaminifu hachukii.

Tatu, ukiona kasoro sema saa ile ile. Hapa ndipo wenzetu wengi hupoteza haki yao. Hulala siku tano wakinung'unika, kisha siku ya kuondoka hudai fedha yote irudi. Meneja huwauliza, na ana haki kuwauliza, "Mbona hamkuniambia siku ya kwanza, nikawahamisha?" Sheria ya Mikataba yenyewe, katika kupima hasara, hutazama kama aliyeumia alikuwa na njia ya kuiondoa taabu yake asiitumie. Mpe mwenye hoteli nafasi ya kutengeneza. Akiikataa, kukataa kwake ndiko ushahidi wako.

Nne, sema unataka nini. Mtu asemaye, "Chumba hiki kibaya," ametoa maoni. Mtu asemaye, "Niliahidiwa chumba chenye vitanda vitatu, nimepewa chenye viwili, naomba nihamishwe leo kabla ya saa moja ya jioni, au bei ipunguzwe, au nirudishiwe fedha niende kwingine," ameweka madai yanayojibika. Sema kwa upole, kwa heshima, ukianza na Bwana au Bibi. Wala usipaze sauti, kwa maana mwenye sauti kubwa husahauliwa alichosema, hukumbukwa alivyosema.

Tano, ikikataliwa, andika. Tarehe, saa, namba ya chumba, jina la cheo cha uliyesema naye, alilojibu. Piga picha za kasoro kwa simu yako. Toa nakala moja kwa hoteli, baki na moja, na stakabadhi yako usiitupe. Barua yenye mistari kumi ya kweli hushinda hasira ya mwezi mzima. Na ukiona imejibiwa kwa dharau, peleka kwa wenye kusimamia biashara hizo, ukiambatanisha nakala.

Tena twawakumbusha jambo ambalo huenda ndilo kubwa kuliko yote. Chumba unachokikimbia kwa kimya hakibaki kitupu. Kesho yake kitapewa mama aliyesafiri na mtoto mgonjwa, au mzee asiyejua kusoma yaliyoandikwa nyuma ya stakabadhi. Wewe ulikuwa na kalamu, nao hawana. Ukinyamaza, umewaachia wao mzigo uliokuwa mwepesi kwako.

Hatuwezi kumaliza bila kugeuka upande wa pili. Tunaodai haki hotelini ndio tunaokaa nyuma ya madirisha ya serikali. Mwananchi hufika kwetu amelipa ada yake, tena wakati mwingine amelipa na nauli ya siku mbili. Akiahidiwa hati yake Jumatatu, akaipata mwezi wa tatu, amepewa chumba kinachotazama mapipa. Akifokewa kwa kuuliza, ametendwa kama alivyotendwa msafiri mbele ya meneja mwenye dharau. Kifungu kile cha 46 cha Katiba ya Kenya hakikuwataja wafanya biashara peke yao. Kimesema wazi kwamba kinahusu huduma zitolewazo na vyombo vya umma pia. Basi mtu atakayetoka likizo akiwa amejifunza kudai kilichoahidiwa, na akumbuke kwamba kwenye dirisha lake yeye ndiye mwenye hoteli, na msururu ulioko nje umekwisha lipa.

Kwa hiyo twatoa pendekezo, nalo twaomba lijadiliwe katika mkutano ujao wa kila tawi. Katibu wa tawi aweke daftari la nyumba za wageni. Kila mwanachama arudipo likizo aandike humo mahali alipolala, tarehe, bei aliyolipa, kilichoahidiwa na kilichotolewa, alichosema, na jibu alilopewa. Yasiandikwe matusi, wala yasiandikwe ya kusikia kwa watu. Yaandikwe yale tu ambayo mwandishi ana stakabadhi yake. Nyumba zilizotenda wema ziandikwe vilevile, tena kwa wino ule ule, kwani mwenye hoteli aliyemhamisha mgeni saa tatu ya usiku bila manung'uniko anastahili wateja wetu. Ndani ya mwaka mmoja tawi litakuwa na kitabu chenye manufaa kuliko matangazo yote ya picha, na mwanachama anayepanga safari atakisoma kabla hajafungua mkoba wake.

Matawi yaliyo tayari kuanza na yamwarifu Katibu kwa barua. Wale waliorudi likizo karibuni, na hadithi zao bado mbichi midomoni, twawaomba wawe wa kwanza kuziandika.

Sisi wenu katika utumishi.